Kilichosimama Nje ya Mzizi

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, mlango wangu uligongwa, na aliyegonga alikuwa mtoto mkubwa wa Bakari. Hakuingia. Watu wa nyumba yao hawaingii kwangu na wa kwangu hawaingii kwao, ingawa kati yetu pana nyumba nne tu na kisima cha msikiti. Alinisalimu akiwa amesimama kwenye mchanga, akaniambia baba yake amefariki alfajiri. Nikasema maneno yanayosemwa. Kisha akaendelea: "Mzee Sefu, mirathi tumeambiwa tukuletee wewe uigawe." Nikamwuliza nani amewaambia. "Mwenyewe, jana jioni. Amesema, mwiteni Sefu, yeye hodari wa kutoa deni kwanza. Halafu akacheka, mpaka mama akadhani amepata nafuu. Hatukujua anacheka nini."

Mimi nilijua. Mtu anayekaribia kukata roho, mwenye pumzi chache za kuhesabu, alitumia moja kunicheka kwa jambo lililotokea tungali vijana, Wajerumani wakiwa bado na nchi hii, miaka michache kabla ya vita vyao. Nilimwambia kijana nitakuja baada ya mazishi. Nikarudi ndani, nikaketi mbele ya kahawa iliyokwisha kupoa. Sikulia, wala sitaandika hapa kwamba nililia. Bakari alinichukia kwa muda wa umri wa mtu mzima, nami nilimlipa kwa kipimo kilekile. Lakini mwaka mmoja katika maisha yangu siwezi kuueleza bila yeye, na kwa kuwa sasa hawezi tena kunikatiza, nitaueleza kwa utaratibu.

Mwaka ule serikali ilitaka gati hapa Rumonge, kandoni mwa ziwa, mahali pa meli ya moshi kufunga kamba na kupakia kuni, na ikamtuma mpima ardhi. Jina lake sikulijua vizuri wakati ule na leo silihitaji. Sisi tulimwita Bwana Kamba kwa sababu ya kamba yenye vifundo aliyoitembeza pwani yote kuanzia Kigwena. Mpishi wake alituambia kwamba kwao alikuwa mwalimu wa hesabu za juu, shule ikamwondoa, hakujua kwa kosa gani. Kwa jinsi alivyotufundisha, nilikisia. Alikuwa na homa isiyokwisha, na homa ikimshika hesabu zilimponyoka. Kwa hiyo alitaka kichwa kingine kimfanyie hesabu zake, na kwa kuwa Mzungu wa pili hakupatikana, akachukua vijana wawili, mimi na Bakari, akatwambia siku ya kwanza kwamba baada ya gati kwisha mmoja ataenda Usumbura kuwa mhesabu wa ofisi kwa rupia ishirini kwa mwezi, na wa pili atabaki kushika mnyororo wa kupimia juani kwa rupia sita. "Wawili siwezi kulipa," alisema. "Na wawili siwezi kuvumilia."

Bakari alitoka Ujiji, na kabla ya hapo alikuwa amesoma katika shule ya serikali huko pwani ya bahari. Alivaa shati jeupe lenye kola, aliandika mwandiko mzuri kuliko wa Bwana Kamba mwenyewe, na Kiswahili chake kilikuwa safi kama sahani ambayo haijaliwa. Mimi shule sikuwa nayo. Hesabu nilijifunza kwa mwalimu wangu wa Kurani, aliyenifundisha kugawa mirathi: mke thumni, yaani moja ya nane, mama sudusi, moja ya sita, na kinachobaki kwa watoto. Katika mirathi mtu hujifunza sehemu mpaka zikae mkononi kama shanga za tasbihi. Mengine nilijitafutia, nikikariri namba kutoka kwenye magunia na masanduku ya wafanyabiashara Waarabu, na Bwana Kamba alinichukua kwa sababu siku moja, akiwa kwenye duka la mafuta, nilimkosoa karani wake bila kuulizwa.

Tulilazwa chumba kimoja nyumbani kwa Bi Zuhura, mjane aliyekuwa akikamua mawese na kuyauza. Kilikuwa chumba kirefu nyuma ya ghala, chenye vitanda viwili vya kamba na dirisha moja lililotazama ziwa. Kuta zilikuwa zimenyonya mafuta mpaka ukiegemea, nguo inatoka na alama nyekundu. Shati la Bakari liliharibika wiki ya kwanza, naye akaniangalia mimi kana kwamba ndiye niliyejenga nyumba. Jioni tulikula sahani moja, ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliopikwa kwa mawese, na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, siku za Ijumaa. Bakari hakula vichwa vya ndagala. Alivikata kimoja kimoja kwa kidole, akavipanga upande wangu wa sahani. Nami nilivila vyote, nikimtazama machoni. Bi Zuhura alituona, akasema, "Ninyi wawili mutakula mpaka mukulane." Hakuwa na huruma kwa yeyote. Alidai kodi kila Ijumaa kabla ya sala, akisema baada ya sala watu hujifanya wema.

Somo lilikuwa alasiri, jua likiwa limetoka kwenye kilele. Ubao wetu ulikuwa mtumbwi mzee uliopinduliwa na kupakwa lami, na Bwana Kamba aliandika kwa chaki ubavuni mwake akiwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, blanketi mabegani katika joto lile. Alitufundisha hesabu aliyoiita integrali, ambayo kwa lugha ya kawaida ni kujumlisha vipande vyembamba visivyo na idadi: eneo lililo kati ya mstari ulionyooka na ufuko uliopinda, au ujazo wa shimo ambalo sakafu yake haiko sawa. Kanuni za kujumlisha hazikumchosha. Kilichomkasirisha ni uchaguzi wa njia. Alisema integrali mbili zinaweza kufanana kama mapacha na kila moja ikataka njia yake, na asiyejua kuchagua ni heri asijue kabisa, maana atajaza karatasi na kuamini kwamba amefanya kazi. Kwa hiyo alikataza kushika chaki kabla ya kutaja njia kwa mdomo. "Njia kwanza. Mkono baadaye." Ukitaja njia isiyofaa alifuta ubao kwa mkono wake, akakupa mnyororo wa kupimia ukausugue kutu, pete moja moja, juani. Ulikuwa na pete mia moja.

Njia zenyewe zilikuwa nne hasa. Ya kwanza ni kubadilisha herufi: ukiona kitu kimefungwa ndani, tuseme ndani ya mzizi wa mraba, tazama kilicho nje, na kama kilicho nje ni kasi ya kubadilika ya kile cha ndani, ukiacha namba tupu ya kuzidisha, basi cha ndani kipe herufi mpya na cha nje kitamezwa. Ya pili ni kwenda kwa pembe, pale mzizi unaposimama peke yake bila mwenzake nje, kama katika duara. Ya tatu tuliita kupokezana, ya vitu viwili visivyo na undugu vilivyozidishwa pamoja, ambapo kimoja unakishusha na kingine unakipandisha. Ya nne ni kugawa sehemu, pale chini ya mstari panapovunjika vipande viwili. Katika hii ya nne nilikuwa mwepesi kupita kiasi. Niliona sehemu iliyovunjika nikaona warithi. Siku moja Bwana Kamba alimwambia Bakari, bila kumtazama, "Kwa sehemu, huyu mshamba anakushinda wewe na shule yako." Usiku ule sikukuta vichwa vya ndagala kwenye sahani. Nilikuta ndagala wote wameliwa.

Tangu siku ile hatukuambiana tena jambo la maana. Aliniita Mwana wa Mawese, nami nikamwita Kasuku, kwa sababu alikuwa na kanuni zote kichwani, kwa mpangilio, na ukimwuliza kwa nini, alirudia kanuni ileile kwa sauti kubwa zaidi. Nilimdharau kwa hilo. Nilijiambia mimi najua kwa nini, hata pale nilipokuwa sijui. Leo, nikiwa nimesoma vitabu vitatu vya hesabu kwa lugha nilizojifundisha kwa ajili hiyo, bado naona dharau ile ilikuwa na msingi. Ubaya wake ni kwamba ilinifanya nisisikilize jibu kwa sababu ya mdomo uliolitoa.

Gati lilipita juu ya korongo lililochimbwa chini ya maji na kijito, nalo ilibidi lijazwe mawe. Tulilipima mimi na Bakari kwa mtumbwi, yeye akishika kasia na mimi nikishusha kamba yenye jiwe, kina kimoja katikati ya kila mita, kuanzia ukingo wa nchi kavu hadi ukingo wa nje. Lilikuwa na urefu wa mita kumi na upana wa mita sita. Kutoka nchi kavu lilishuka polepole, likafika kina cha mita tano mbele kidogo ya katikati, kisha likapanda ghafla. Bwana Kamba alichukua vina vile, akakaa na homa yake siku mbili, akatoka na mstari unaofuata sakafu ile vizuri: kina ni umbali x kutoka ukingo, mara mzizi wa mraba wa mia toa x mara x, yote kugawa kwa kumi. Akauandika kwenye mtumbwi wa lami. "Jumlisheni kutoka sifuri hadi kumi. Zidisheni kwa upana. Nataka mita za ujazo za mawe. Kila mtu peke yake."

Nilipoitazama ile hesabu niliona jambo moja kabla ya yote: x imesimama nje ya mzizi. Na mwalimu wangu wa mirathi alinifundisha tangu utoto kwamba maiti akishazikwa, hakuna mrithi anayegusa kitu mpaka deni litolewe. Deni liko nje ya mali. Litoe, liweke pembeni, kinachobaki kigawe kwa utulivu, halafu mambo yote yatakaa sawa. Katika integrali namba tupu hutolewa nje hivyohivyo, na Bwana Kamba mwenyewe alitufundisha kuitoa. Basi nikaitoa x. Kilichobaki, mzizi peke yake, nilikitambua: ni robo ya duara yenye nusukipenyo cha kumi, na eneo lake nililijua bila kuandika. Kisha nikairudisha x kwa thamani yake ya katikati, tano, kwa sababu inaanza sifuri na kuishia kumi. Nikagawa kwa kumi, nikazidisha kwa upana, nikapata mita mia mbili thelathini na sita, baada ya kukamilisha sehemu iliyobaki. Ilikuwa mistari minne, na kila mstari niliupenda. Bakari aliandika mistari mitatu, akapata mia mbili kamili.

Bwana Kamba alizisoma karatasi zote mbili midomo yake ikiwa mikavu. Meli ilikuwa inasubiri kumpeleka Usumbura kwa daktari. "Mmoja wenu ni mjinga," alisema. "Sitasema nani. Mtakubaliana namba moja, mtampa nyapara, naye ataleta mawe. Kila mita ya mawe ni rupia moja na nusu. Yakizidi, aliyetoa namba atalipa. Yakipungua, atalipa muda uliopotea. Nikirudi, aliyepata ataenda Usumbura." Akainuka, blanketi likianguka, na hakuna kati yetu aliyeinama kumwokotea.

Nyapara aliitwa Ndikumana, mtu wa milima ya Bugarama, mwenye watu wake wa kubeba mawe. Alikuja siku iliyofuata uani kwa Bi Zuhura kuchukua namba. Wanawake walikuwa wakikanyaga ngazi, yaani matunda ya mawese, zilizochemshwa, miguu yao myekundu hadi magotini, na moshi wa kuni mbichi ulitukaa machoni. "Amahoro," alitusalimu, akaketi juu ya kinu kilicholala. "Nipeni namba niende."

"Mia mbili," alisema Bakari.

"Mia mbili thelathini na sita," nilisema.

Ndikumana akatutazama kwa zamu. "Nitangoja."

Nilimwambia Bakari aeleze njia yake. Akaeleza kama anayesoma tangazo. "Kilicho ndani ya mzizi kiite u. Mia toa x mara x. Kasi yake ya kubadilika ni x mara mbili, kwa alama ya kutoa, na x ipo nje. Inamezwa. Unabaki na mzizi wa u. Ni ya mtoto mdogo."

"Inamezwa kwa nini?"

"Ndiyo kanuni."

"Nimekuuliza kwa nini, sijakuuliza jina lake."

"Kwa sababu ndivyo inavyofanywa, Mwana wa Mawese. Ulitaka nikutafunie?"

"Kasuku akitafuna hatemi kitu," nilisema, na wanawake wakacheka, na nilipowasikia wakicheka nilipata nguvu. Nikageuka kwao. Nikaeleza kwa sauti, kwa lugha ya uani: kwamba kila hesabu yenye kitu nje ni kama mali ya maiti mwenye deni. Huwezi kuanza kugawana deni likiwa bado ndani. Linatolewa kwanza, linajulikana ni kiasi gani, kisha kilichobaki kinagawanywa. Huyu mwenzangu, nilisema, amechukua deni akalimeza pamoja na mali, kisha anatwambia limekwisha.

Bi Zuhura aliacha kukoroga sufuria. Mumewe alikufa na madeni, na alikuwa amewahi kusimama mbele ya kadhi kuyajibia. "Hapo Sefu amesema," alisema. "Deni iko mbele. Ata kama mtoto analia, deni iko mbele."

"Bi Zuhura," alisema Bakari, "hili si deni. Ni shimo."

Nilicheka kuliko wote. Nimeyarudia maneno yale mara nyingi baadaye, nikifunga duka, nikitawadha, na jana tu nikiwa njiani kwenda kumzika. Yalikuwa ndiyo hoja yenyewe, nzima, na mwenye kuyasema hakujua kwamba ni hoja. Aliyasema kwa hasira. Kama angeongeza sentensi moja, nadhani ningesimama. Lakini hakuwa nayo, na uani pale mimi ndiye niliyekuwa na sentensi nyingi.

Ndikumana alisema, "Mirathi yenu siijui mie. Watu wangu wanangoja."

Bakari akasimama, akapangusa suruali. "Mpe yako," aliniambia. "Mpe mbele ya watu hawa wote, kwa mdomo wako. Mimi nimetaja mia mbili na wamenisikia."

"Mia mbili thelathini na sita," nilimwambia nyapara. Alitabasamu, kwa kuwa mawe mengi yalikuwa kazi nyingi kwa watu wake. "Murakoze," akashukuru, akaenda zake.

Mawe yalikuja kwa vichwa kutoka vilimani, na pwani yalipimwa kwa sanduku la mbao lenye mita moja kila upande kabla ya kumwagwa. Nilisimama pale kila siku, nikiweka alama ya mkaa kwenye nguzo kwa kila sanduku. Siku za mwanzo maji yalimeza kila kitu, na nilikuwa na amani. Kisha mawe yakaanza kuonekana juu ya maji upande wa nchi kavu, kisha upande wa nje, na ulipokaribia mwisho wa mia ya pili Ndikumana alitembea juu ya mawe kutoka ukingo hadi ukingo bila kulowesha nyayo. Akaniita kutoka upande wa pili. "Sefu, imejaa."

"Yatazama kwenye tope. Ngoja."

"Nimeyangoja tangu jana."

"Endeleeni kuleta."

"Yote iko njiani, tutaleta. Nakwambia tu kwamba imejaa." Watu wake walikwisha kuyakusanya kando ya njia na walipaswa kulipwa. Basi yaliyobaki yalimwagwa ufukweni, lundo refu kuliko mtu, mahali ambapo kila aendaye kuteka maji ni lazima alizunguke. Watoto walipanda juu yake wakaliita nyumba ya Sefu. Bakari siku zile alikuja jioni, akasimama mbele ya lundo akiwa amefunga mikono nyuma kama mgeni anayetembezwa mjini, kisha akarudi kula. Alikula vichwa vya ndagala wiki ile. Nilivisikia vikivunjika menoni mwake.

Bwana Kamba alirudi amekonda, na macho ya njano. Aliliona lundo kutoka kwenye meli, kabla hajashuka. Nilitegemea makelele na hayakuja. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtumbwi wa lami, akaketi, akaniita.

"Vina vya korongo nani alivipima?"

"Mimi, Bwana."

"Kamba ilikuwa mkononi mwa nani?"

"Mwangu."

"Visome."

Nilivisoma, vina kumi, kimoja katikati ya kila mita. Nusu mita. Mita moja na nusu, kasoro kidogo. Mbili na sehemu nne za kumi. Akaniamuru niviandike kimoja chini ya kingine, kisha nivijumlishe, kama anavyoamriwa mtoto wa siku ya kwanza. Nikavijumlisha. Nikazidisha kwa sita. Chaki ilikuwa na unyevu wa jasho na ilikatika mara mbili. Zilitoka mita mia mbili na moja na kitu.

"Kujumlisha unajua," alisema. "Hii ungeifanya ukiwa bado ndani ya mtumbwi, maji yakikugonga makalio. Kwa nini hukuifanya?" Jibu lilikuwa kwamba nilikuwa na njia nzuri zaidi. Akanyoosha kidole kwenye mstari wake wa zamani, uliokuwa bado unaonekana hafifu kwenye lami. "Mbili, tatu, saba, hizo toa nje. x huwezi. x inatembea."

Bakari alicheka puani. Bwana Kamba akageuka polepole. "Na wewe. Ulikuwa na mia mbili. Kwa nini mawe haya yako hapa?"

"Alikataa kusikia, Bwana. Watu wote ni mashahidi."

"Ulimwambia kwa nini x haitoki?"

Bakari alifungua mdomo. Nilimwona akiitafuta, ile sentensi aliyoikosa uani, na nilimwona akifika mahali inapopaswa kuwa na kukuta hakuna kitu. Lilikuwa jambo zuri kwangu kulitazama, na ndilo pekee nililopata siku ile.

"Hukujua," alisema Bwana Kamba. "Umefungua hesabu kwa sababu ulionyeshwa kufungua. Utaenda Usumbura, kwa kuwa wa kupeleka mwingine sina. Huyu atashika mnyororo, na mawe atayalipa." Akavuta blanketi, akafumba macho, nasi tukasimama pale mpaka tulipoelewa kwamba tumefukuzwa.

Bakari aliondoka na meli ileile. Alikunja shati lake lenye alama nyekundu, akaliacha juu ya kitanda changu. "La kufutia chaki," alisema. Bi Zuhura alilichukua kabla yangu, akalifanya tambara la kufunikia mitungi, akanipandishia kodi kwa kuwa sasa chumba kilikuwa changu peke yangu.

Miezi tisa nilishika mnyororo, kutoka Rumonge hadi Kabezi na kurudi, na kazi ya kushika mnyororo ina faida moja, kwamba mikono inashughulika na kichwa hakina kazi. Nilikuwa nikitembea nilipoelewa. Hatua za mwanzo kutoka ukingoni, x ni ndogo na mzizi ni mkubwa. Hatua za mwisho x ni kubwa na mzizi unakufa. Hazikutani kamwe zote mbili zikiwa katika ukubwa wake. Mimi nilichukua wastani wa hii na wastani wa ile nikavizidisha, kana kwamba ni marafiki wanaopanda na kushuka pamoja, nikajaza korongo kwa mawe ya kina ambacho hakikuwapo. Deni la maiti halibadiliki kwa kutazama ni mrithi gani ameketi mbele yake, na kwa sababu hiyo linaweza kutolewa. Mwalimu wangu hakukosea. Yeye alizungumza juu ya deni.

Tangu hapo nimekuwa na utaratibu, nao sijauvunja. Kabla ya njia yoyote, nakata vipande vichache vinene na kuvijumlisha kwa mkono, nipate kujua jibu linakaa jirani na wapi. Ndipo nauliza kama kilicho nje ni kasi ya kilicho ndani. Ndipo nauliza kama mzizi uko peke yake, kama sehemu inavunjika, kama walioungana ni wageni. Na kila kinachotolewa nje nakiuliza kwanza kama kinatembea. Vijana wanaokuja kwangu kujifunza huona vipande vinene ni aibu, kwa kuwa wanataka njia. Wengine wameacha kuja. Bakari, aliporudi kuishi hapa baada ya vita, akiwa mfanyabiashara mwenye duka la vitambaa, alikuwa akiwaambia watu kwamba Sefu hufundisha hesabu za wauza ndagala, kwa mafungu. Hakuwahi kusema kwamba ni uongo.

Mawe yaliyozidi yalikuwa mita thelathini na sita, au rupia hamsini na nne, nazo zilikatwa rupia sita kwa mwezi, yaani mshahara wote, kwa miezi yote tisa. Nilikula kwa kukamua mawese ya Bi Zuhura jioni, naye alinihesabia kila ndagala. Lundo likawa mali yangu. Askari waliliibia kidogo kidogo kujengea jiko lao, na kwa askari hapakuwa na pa kushtaki. Yaliyobaki nilimwuzia mfanyabiashara mmoja Mwarabu kwa msingi wa ghala lake, baada ya kubishana naye siku mbili, kwa rupia kumi na moja. Mshahara wa Usumbura siuingizi, kwa kuwa mtu hahesabu hasara ya kitu ambacho hakikufika mkononi. Kwa hiyo mwaka ule ulinigharimu rupia arobaini na tatu.